Kusanifu Tovuti ya Kiswahili kwa Msomaji wa Simu

Usanifu wa tovuti hushughulikia mambo mawili kwa pamoja: kazi ambayo ukurasa unapaswa kuifanya, na sura itakayomtokea msomaji. Mara nyingi mambo hayo hugawanywa, fundi akaachiwa kazi na mchoraji akaachiwa sura, kisha kila mmoja akamlalamikia mwenzake. Mgawanyo huo haufai. Rangi ya maandishi huonekana kuwa suala la sura tu mpaka mzazi aliyesimama juani anapojaribu kuyasoma, na ukubwa wa picha huonekana kuwa suala la sura tu mpaka bando linapokwisha kabla ukurasa haujafunguka. Mwongozo huu unafuata tovuti ya aina moja, ya shule ya sekondari, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kufunguliwa zaidi kwenye simu. Ndani yake yamo karibu matatizo yote anayokutana nayo msanifu wa Afrika Mashariki: picha nyingi, matangazo ya kila muhula, fomu za kupakua, malipo, na wasomaji wa rika zote. Yanayosemwa kuhusu shule yanaihusu pia zahanati, nyumba ya wageni, chama cha akiba na mikopo au duka la vifaa vya ujenzi.

Haja ya msomaji hutangulia

Kabla ya kuchagua rangi hata moja, inafaa kujua nani atafungua tovuti na anatafuta nini. Kwa shule, orodha ni fupi kuliko viongozi wengi wanavyodhani. Mzazi anataka kujua kiasi cha ada na awamu za kulipa, tarehe ya kufungua na ya kufunga, maelekezo ya kujiunga kwa mwanafunzi aliyechaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza, namba ya simu ya ofisi, na njia ya kufika shuleni. Mhitimu anataka kujua utaratibu wa kuchukua cheti chake. Ni wachache mno wanaofungua tovuti ili wasome dira na dhamira, au salamu za mwenyekiti wa bodi, lakini katika tovuti nyingi hayo ndiyo yaliyokaa juu kabisa. Yamekaa hapo kwa sababu tovuti ilipangwa kwa kufuata ngazi za ofisi, na aliyeitwa kuikagua kabla ya uzinduzi alikuwa mkubwa wa ofisi. Dira na dhamira zina mahali pake, yaani ukurasa wa kuielezea shule.

Njia ya uhakika ya kuipata orodha ya haja ni kumwomba anayepokea simu za ofisi aandike, kwa wiki chache, kila swali analoulizwa. Maswali yanayojirudia ndiyo yanayostahili kujibiwa kwenye ukurasa wa mwanzo, tena kwa mpangilio wa wingi wake. Kazi hii haihitaji kompyuta wala fundi, na hakuna hatua nyingine katika usanifu yenye faida kubwa kuliko hii.

Menyu hutokana na orodha hiyo. Vipengele vitano au sita vinatosha: Mwanzo, Kujiunga, Ada, Ratiba, Matangazo, Mawasiliano. Kila neno liwe lile ambalo mzazi mwenyewe angelitamka akipiga simu. Maneno kama “Rasilimali” au “Suluhisho Zetu”, yaliyoingia kwa kutafsiri violezo vya kigeni, hayamwambii mtu kitu, na anayeyaona hulazimika kubahatisha. Vivyo hivyo kitufe kitaje tendo lenyewe: “Pakua fomu ya kujiunga” humweleza msomaji kitakachotokea, ilhali “Bofya hapa” humwacha gizani. Ikiwa vipengele ni vichache, ni bora vionekane wazi hata kwenye simu. Alama ya mistari mitatu inayoficha menyu huokoa nafasi, lakini wapo watu wazima wengi ambao hawajui kwamba inabonyezwa.

Shule nyingi huhitaji lugha mbili. Hapo kila lugha iandikwe kwa jina lake yenyewe, Kiswahili kwa Kiswahili na Kiingereza kwa Kiingereza, bila bendera. Bendera ni ya nchi. Kiswahili kinasemwa Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo na kwingineko, na hakuna bendera moja inayoweza kukibeba bila kumwacha mtu nje.

Skrini nyembamba kwanza

Tovuti ya kwanza, iliyotengenezwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva na kufunguliwa kwa umma mwaka 1991, ilikuwa maandishi na viungo tu. Haikuwa na urembo, lakini ilikuwa na sifa moja ambayo tovuti nyingi zilizoifuata ziliipoteza: maandishi yake yalijipanga yenyewe kulingana na upana wa skrini yoyote. Katika miaka ya 1990 wasanifu walianza kutumia majedwali kupachika kila kitu mahali maalumu, wakiiga ukurasa wa gazeti. Lugha ya CSS, iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994 na kuidhinishwa na shirika la viwango la W3C mwezi Desemba 1996, ilitenganisha yaliyomo na sura yake. Kisha mwezi Mei 2010 Ethan Marcotte aliandika makala iliyoeleza jinsi ukurasa mmoja unavyoweza kujirekebisha kwa simu, kompyuta kibao na kompyuta ya mezani kwa kutumia vipimo vinavyonyumbuka. Njia hiyo ndiyo inayotumika hadi leo.

Katika mazingira ya Afrika Mashariki, usanifu unapaswa kuanzia kwenye simu yenye upana wa takriban pikseli 360, kisha kupanuka. Anayeanzia kwenye kompyuta kubwa hujikuta akikata na kubana, na kinachokatwa mara nyingi ndicho kilichohitajika. Ukurasa usio na agizo la kufuata upana wa kifaa huchorwa na simu kana kwamba skrini ina upana wa pikseli 980 hivi, kisha hupunguzwa mpaka herufi zinakuwa ndogo mno. Agizo hilo ni mstari mmoja tu wa msimbo, na kukosekana kwake ndiko chanzo cha kurasa ambazo msomaji hulazimika kuzivuta kwa vidole viwili na kuzisogeza huku na huko.

Vitufe navyo vipimwe kwa kidole. Google hushauri vitufe vya Android viwe na ukubwa wa vipimo 48, sawa na milimita 9 hivi, na Apple hushauri 44. Viungo viwili vilivyosongamana vitamfanya mtu aliyetaka ratiba ajikute kwenye ukurasa wa ada, naye atalipia data mara mbili.

Uzito wa ukurasa

Uzito ndilo jambo ambalo wasanifu wa mjini, wanaofanya kazi kwenye intaneti ya waya, hulisahau upesi zaidi. Hesabu yake ni rahisi. Ukurasa wenye megabaiti 3 una megabiti 24, kwa hiyo kwenye mtandao wa megabiti 1 kwa sekunde utachukua sekunde 24 kufika, bila kuhesabu muda ambao simu yenyewe inautumia kuuchora. Jakob Nielsen, mtafiti wa matumizi ya kompyuta, alieleza mwaka 1993 mipaka mitatu ambayo bado inatumika: jibu linalokuja ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde huonekana la papo hapo, la sekunde moja halikatizi mawazo ya mtu, na baada ya sekunde kumi mawazo yake yamekwenda kwingine. Kipimo cha Google kinataka sehemu kubwa kuliko zote ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5.

Mzigo mkubwa hutoka kwenye picha. Picha ya simu ya kawaida yenye pikseli 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12. Skrini ya msomaji, hata ikiwa na msongamano maradufu wa pikseli, haiwezi kuonyesha zaidi ya upana wa 720 hivi, yaani picha ya pikseli 720 kwa 540, ambazo hazifiki laki nne. Kwa hiyo picha iliyopakiwa bila kupunguzwa humfanya mzazi alipie takriban mara thelathini ya kile anachokiona. Dawa ni kuipunguza picha kwanza, ndipo ihifadhiwe katika muundo wa JPEG au WebP, ambao Google iliutoa mwaka 2010 na ambao vivinjari vyote vikubwa sasa vinausoma. Nembo na michoro ya mistari ihifadhiwe kama SVG, kwa kuwa muundo huo una baiti chache na haupotezi ukali hata ukikuzwa. Picha zilizo chini ya ukurasa ziagizwe zipakuliwe pale tu msomaji anapozikaribia. Kila picha itajiwe upana na kimo chake ndani ya msimbo, ili kivinjari kiitengee nafasi mapema. Pasipo vipimo hivyo maandishi huruka kila picha inapofika, na mtu aliyekuwa akibonyeza kitufe hujikuta amebonyeza kingine.

Picha zinazopokezana zenyewe juu ya ukurasa wa mwanzo zinapendwa sana na kamati za shule, na zinastahili kuachwa. Msomaji hupakua picha tano aone moja, na tangazo lililo kwenye picha ya tatu hupita kabla hajalimaliza. Video inayoanza yenyewe ni mbaya zaidi, kwa kuwa inakula bando la mtu bila idhini yake. Picha moja nzuri isiyotembea, na kiungo cha video chenye kutaja dakika na megabaiti zake, vinatosha.

Msimbo wa JavaScript una gharama mbili: kwanza kupakuliwa, kisha kutekelezwa na kichakato cha simu, na simu ya bei nafuu huchukua muda mrefu kuutekeleza. Wapo pia wanaotumia vivinjari kama Opera Mini, kilichoanza kusambaa miaka ya 2005 na 2006, ambacho hubana kurasa kwenye seva zake ili kuokoa data na huzuia sehemu kubwa ya msimbo wa aina hiyo. Kiasi cha ada, tarehe na namba za simu viandikwe katika HTML ya kawaida, vionekane hata msimbo usipofanya kazi.

Tatizo lingine lenye mizizi hapa ni PDF zilizopigwa picha. Ofisi huchapa maelekezo ya kujiunga, mkuu wa shule hutia sahihi na muhuri, karatasi huskaniwa, kisha faili la megabaiti kadhaa hupandishwa kwenye tovuti. Faili hilo ni picha ya maandishi: haliwezi kutafutwa kwa neno, haliongezeki ukubwa wa herufi kwa mwenye macho dhaifu, na asiyeona hawezi kusomewa. Maelekezo yaandikwe kama ukurasa wa kawaida, na PDF iwekwe kando kwa anayetaka kuchapisha, ikiwa imetolewa moja kwa moja kwenye kompyuta na ukubwa wake umetajwa: “Pakua maelekezo (PDF, kilobaiti 240)”. Muhuri unaweza kubaki kwenye nakala ya ofisini.

Maandishi

Sehemu kubwa ya tovuti ya shule ni maneno, kwa hiyo sehemu kubwa ya uzuri wake hutokana na jinsi maneno yalivyopangwa. Robert Bringhurst, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu upangaji wa herufi, alitaja herufi 45 hadi 75 kwa mstari kuwa urefu unaosomeka vizuri kwenye safu moja. Kwenye simu mistari itakuwa mifupi kidogo, na hilo halina neno. Hatari iko kwenye kompyuta, ambako mstari ulioachwa utambae skrini nzima humpotezea msomaji mahali pa kuanzia mstari unaofuata. Herufi za kawaida zisipungue pikseli 16, na kimo cha mstari kiwe kama mara moja na nusu ya ukubwa wa herufi.

Kiswahili kina tabia zake ambazo violezo vya kigeni havikuzizingatia. Vitenzi vyake hubeba viambishi vingi, na neno kama “watakapowasilisha” au “hawajaandikishwa” huchukua nafasi ambayo Kiingereza kingeigawa kwa maneno matatu au manne. Matokeo yake, aya zilizonyooshwa pande zote mbili kwenye skrini nyembamba huacha mapengo makubwa katikati ya maneno, kwa sababu mstari hauna mahali pengi pa kukatika. Aya za Kiswahili kwenye simu zinyooke upande wa kushoto tu. Vitufe na vichwa vya safu navyo viachiwe nafasi ya kupanuka, visije vikakata neno katikati.

Faraja ni kwamba Kiswahili sanifu hakina herufi zenye alama juu au chini, kwa hiyo karibu fonti yoyote ya Kilatini inakifaa. Cha kuangaliwa ni kile kibainishi cha ng'. Kinaweza kuandikwa kwa alama iliyonyooka au iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Kisanduku cha kutafutia kisichozilinganisha kitamwambia mtu kwamba hakuna habari ya ng'ombe wa shule wakati ukurasa mzima unawahusu. Marekebisho yake ni madogo, ila lazima fundi aambiwe, kwa sababu tatizo hilo haliwezi kumjia akilini akijaribu kwa maneno ya Kiingereza.

Fonti mbili zinatosha kwa tovuti nzima, na moja inatosha zaidi. Fonti zilizomo tayari ndani ya simu hazigharimu hata baiti moja. Verdana na Georgia, alizozichora Matthew Carter kwa ajili ya skrini na ambazo Microsoft ilizitoa mwaka 1996, bado zinasomeka vizuri kwenye kompyuta. Aya nzima za herufi kubwa ziepukwe, hata kwenye matangazo muhimu, kwa kuwa maneno yote huwa na umbo moja la mstatili na jicho hupoteza dalili za kuyatambua haraka.

Rangi, picha na nafasi

Rangi za shule kwa kawaida zimekwisha kuamuliwa na nembo au sare. Kazi ya msanifu ni kuzigawia majukumu: moja ya kichwa cha ukurasa, moja ya vitufe na viungo, na nyeupe au rangi iliyo karibu nayo kwa eneo la kusomea. Kanga hufundisha nidhamu hii vizuri. Pindo huzunguka, mji hukaa katikati, jina hukaa mahali pake panapojulikana, na rangi chache hurudiwa kwa mpango mpaka kitambaa kizima kinakuwa kitu kimoja. Tovuti yenye rangi saba zinazoshindana haina pindo wala mji, na jina lake halisomeki.

Tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandharinyuma ina kipimo. Miongozo ya ufikivu ya W3C, ambayo toleo lake la 2.2 lilitoka mwaka 2023, inataka uwiano usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Nyeusi juu ya nyeupe ina 21 kwa 1. Njano safi juu ya nyeupe haifiki hata 1.1 kwa 1. Mtindo wa kijivu hafifu juu ya nyeupe, unaopendwa kwa kuonekana wa kisasa, mara nyingi huanguka chini ya kipimo hicho, na katika jua la mchana unafutika kabisa kwenye skrini ya simu. Wala rangi isiachiwe kubeba maana peke yake. Nyekundu kwa “haijalipwa” na kijani kwa “imelipwa” hazitofautiani kwa baadhi ya watu, hasa wanaume, kwa hiyo neno liandikwe pia. Viungo vilivyomo ndani ya aya vipigiwe mstari.

Picha za shule yenyewe, hata zikiwa za kawaida, zina thamani kuliko picha za kununua zenye wanafunzi wa nchi nyingine wanaocheka mbele ya kompyuta. Mzazi anataka kuliona bweni, maabara, na uwanja ambao mwanawe atachezea. Zipigwe asubuhi au alasiri, mwanga ukiwa laini, na maelezo yake yataje kilichomo. Lakini picha inayomtambulisha mtoto ni taarifa binafsi, na sheria za ulinzi wa taarifa hizo, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinawahusu wenye tovuti kama zinavyozihusu kampuni kubwa. Idhini ya mzazi ipatikane kwa maandishi kabla ya picha kupandishwa. Kwa sababu hiyo hiyo, orodha za majina na alama zisibandikwe wazi.

Nafasi tupu kuzunguka aya na picha haijapotea bure, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha kipi kinakwenda na kipi. Kichwa kidogo kiwe karibu zaidi na aya inayokifuata kuliko iliyokitangulia, na msomaji ataelewa mpangilio bila mistari wala visanduku.

Saa, pesa na fomu

Hapa ndipo kiolezo cha kigeni humwangusha mwenye tovuti mara nyingi zaidi. Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu mapambazuko, na “2:00” tupu inaweza kueleweka kuwa asubuhi ofisi inapofunguliwa au mchana baada ya chakula. Saa ziandikwe kwa neno la wakati: “saa 2:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri”. Kalenda inayojijaza yenyewe kwa saa za kizungu katikati ya maandishi ya Kiswahili lazima irekebishwe au iondolewe, kwa sababu mzazi aliyesafiri kutoka wilaya nyingine hapaswi kufika ofisi imefungwa.

Shilingi nayo itajwe ni ya nchi gani pale ambapo tovuti ina wasomaji wa mpakani: TSh, KSh au USh. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, malipo ya simu yamekuwa njia ya kawaida ya kulipia mambo mengi, kwa hiyo ukurasa wa ada uonyeshe hatua za malipo moja baada ya nyingine, pamoja na jina litakalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Jina hilo ndilo kinga ya mzazi dhidi ya matapeli. Namba ya malipo iwe maandishi yanayonakilika, kamwe isiwe ndani ya picha ya bango, na namba ya simu iwe kiungo kinachofungua sehemu ya kupiga, ikianza na +255, +254 au namba ya nchi husika ili aliye Muscat au Toronto aweze kupiga pia.

Fomu iulize machache. Kisanduku kimoja cha “Jina kamili” kinafaa kuliko viwili vinavyolazimisha jina la kwanza na la ukoo, kwa sababu watu wengi wa eneo hili hutumia majina matatu. Barua pepe isiwe ya lazima kwa mzazi ambaye simu inamtosha. Kosa likitokea, ujumbe useme kasoro na marekebisho yake: “Namba uliyoandika ina tarakimu 9, zinatakiwa 10”. Yale aliyokwisha kujaza yabaki mahali pake.

Kwa asiyeona

Mtu asiyeona hutumia programu inayomsomea skrini kwa sauti. NVDA, iliyotoka mwaka 2006, hupatikana bure, na sauti ya eSpeak inayokwenda nayo ina Kiswahili. Ili isome vizuri, msimbo wa ukurasa lazima utangaze lugha kwa alama ya “sw”. Violezo vingi huja na “en”, na fundi asipobadilisha, “wanafunzi wa bweni” husomwa kwa matamshi ya Kiingereza mpaka hayaeleweki. Ni herufi mbili tu. Vichwa vya habari viwekwe kama vichwa halisi katika HTML badala ya maandishi yaliyokuzwa tu, na kila picha yenye habari ipewe maelezo mafupi ya maneno.

Kupima na kutunza

Tovuti ipimwe kwenye simu ya bei nafuu, kwa data ya kawaida, nje ya nyumba, kabla haijaonyeshwa kwenye ukuta wa ukumbi wa mikutano. Kisha watafutwe watu watano wasiohusika na kazi hiyo, na kila mmoja aombwe kutafuta jambo moja, kwa mfano ada ya muhula wa pili. Nielsen alieleza mwaka 2000 kwamba watu watano hufichua sehemu kubwa ya kasoro, na kwamba ni afadhali kurudia jaribio dogo baada ya kurekebisha kuliko kufanya moja kubwa. Msanifu akae kimya wakati wote. Anapotamani kusema “bonyeza pale juu”, amekwisha kuipata kasoro.

Kila tangazo libebe tarehe, na lililopitwa na wakati liondolewe au lihamishwe. Tovuti ihudumiwe kwa HTTPS, yaani njia inayosimba mawasiliano. Vyeti vyake hutolewa bure na Let's Encrypt tangu mwishoni mwa mwaka 2015, na Chrome imekuwa ikiziwekea tovuti zisizo navyo onyo la kutokuwa salama tangu Julai 2018. Tovuti ya shule inastahili kikoa cha nchi yake, na kwa shule za Tanzania na Kenya yapo majina ya .sc.tz na .sc.ke.

Kikoa hicho kiandikishwe kwa jina la shule, kwa anwani ya barua pepe ya ofisi, na nywila zake zihifadhiwe na watu wawili wenye dhamana. Kikiandikishwa kwa jina la fundi, siku fundi atakapohama au kubadili kazi, tarehe ya kulipia upya itapita bila mtu kujua, na anwani iliyochapishwa kwenye kila barua na kila bango itaacha kufunguka. Kwa hiyo kila mkuu wa shule, kabla ya kulipa malipo ya mwisho ya kazi ya tovuti, adai akabidhiwe kikoa na nywila zote, na aingie mwenyewe mara moja kuhakikisha zinafanya kazi.